Upana Wote Uende Ndani

Gari letu lilikuwa na sura ya mgonjwa, nasi tulihakikisha haliponi. Bampa ya mbele ilishikiliwa kwa waya, mlango wa kushoto ulikuwa na kovu la kugonga nguzo, na rangi yake nyeupe ilikuwa imechujuka mpaka ikafanana na maziwa yaliyochacha. Lakini fungua boneti uone! Ndani mlikuwa na injini ambayo kaka yangu aliifungua na kuifunga upya kwa mikono yake, kabureta mbili zimekaa kama mapacha, na ukikanyaga mafuta kutoka Wandegeya kupanda upande wa chuo kikuu, mgongo unagandamana na kiti na moyo unabaki kule chini sokoni. Nililipenda gari lile kuliko vijana wote walionifuata, na baadhi yao niliwaambia hivyo waziwazi.

Ilikuwa miaka ya sabini, wanajeshi wakitawala, na Kampala nzima ilikuwa imejifunza kuficha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwetu kizuri kilijipeleka kambini. Askari akilipenda gari lako, anakusimamisha barabarani, anaomba ufunguo, na hadithi ya gari inaishia hapo. Ukibahatika, hadithi yako wewe inaendelea. Kwa hiyo watu waliacha magari yao yachakae kwa makusudi. Jirani yetu mmoja alilipiga nyundo gari lake jipya, mchana kweupe, huku mkewe akimwonyesha mahali palipobaki pazuri.

Tulikaa Naguru, nyumba ya kupanga chini kidogo ya laini za polisi, zile nyumba za safu za askari. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na maradhi yalipomchukua alituachia gari hilo na rungu lake la kazi, ambalo mama alilitundika ukutani juu ya kitanda chake. Mama aliuza maharage na angara, samaki wa chumvi wa kwetu waliokaushwa, katika soko la Owino. Gari ndilo lililobeba magunia yake. Bila gari hakuna magunia, bila magunia hakuna chakula, na mama hakuchoka kutukumbusha. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika duka la uchapaji Wandegeya, kaka alikuwa fundi magari, na mishahara yetu yote miwili ilimezwa na sukari ya magendo kabla mwezi haujafika katikati.

Sasa, hata chini ya utawala ule, Jumapili zilikuwa na raha zake. Nje ya mji, upande wa barabara ya Gayaza, kulikuwa na kilima cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ambako magari yalipandishwa moja moja, kwa kupimwa na saa, na aliyefika juu kwa muda mfupi zaidi ndiye bingwa wa siku. Maofisa wa jeshi waliyapenda mashindano yale, ndiyo maana hakuna aliyeyafunga. Kapteni mmoja alikuja kila mara na gari jekundu la Kizungu, pana, linalong'aa, ambalo mwenyewe wa kwanza tulimjua wote na hakuna aliyethubutu kumtaja. Kaka alitaka kupanda kilima kile. Mimi nilitaka tumshinde kapteni, nami ndiye ningekaa kushoto nikimtajia kaka kona. Tukaenda kuomba ruhusa kwa mama, wakati akipepeta maharage uani.

"Kwenda, mimi hapana kataza," mama alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha laini za polisi, alichojifunza akiwa bibi harusi. "Lakini gari narudi hapa. Askari nachukua ile gari, nyinyi wawili nabeba gunia yangu na kichwa mpaka Owino. Nasikia?"

"Tumesikia, mama," tulijibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza.

Ikawa hivyo: twende, tushinde tukiweza, ila gari lirudi. Tatizo lilionekana siku ile ile tulipokwenda kujaribu kilima. Injini ilikuwa na nguvu za kutosha na kubaki, lakini matairi yetu yalikuwa membamba, yamekalia rimu za kiwandani zenye upana wa inchi nne na nusu. Kwenye kona ya kwanza tu gari liliteleza mpaka likatazama tulikotoka, kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu ya saruji. Nilicheka hadi machozi. Kaka hakucheka. Alishuka, akachuchumaa mbele ya gurudumu, akalitazama kwa uchungu kabisa.

"Tunahitaji rimu pana," alisema.

"Na rimu pana ndicho kitu cha kwanza askari anachokiona," nikamjibu.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Wanajeshi wenye magari ya kifahari walipenda magurudumu yaliyochomoza nje ya madigadi, makubwa, yamenyanyua mdomo, na askari wa kizuizi cha barabarani alikuwa akianza kulitazama gari kutoka chini kwenda juu. Gari chakavu lenye magurudumu ya namna ile lingekuwa sawa na kumvalisha ombaomba viatu vya arusi. Kaka akabaki amechuchumaa, akichora kwa kijiti kwenye murram, kisha akainua uso. Uso wenyewe ulikuwa umeshabadilika.

"Upana wote uende ndani," alisema. "Nje tusionyeshe kitu."

Hapo ndipo raha ilipoanza. Kwa wasiojua, rimu ni kama sufuria iliyotobolewa kitako, na katikati yake kuna sahani ya chuma yenye matundu ya boliti inayobana kwenye habu, kile kitovu kinachozungusha gurudumu. Sahani hiyo haikai lazima katikati. Ikisogezwa upande wa nje wa rimu, gurudumu zima linazama ndani chini ya gari. Ikisogezwa upande wa ndani, gurudumu linachomoza nje na kujitangaza. Umbali huo kati ya sahani na katikati ya rimu ndio mafundi wanaouita ofseti, na watu wengi hawaujali kabisa. Wao huuliza ukubwa na kuangalia kama inang'aa. Sisi tulitaka rimu pana ambayo sahani yake imekaa nje kabisa. Kumbe kutaka ni kazi rahisi. Maduka ya vipuri mjini yalikuwa yamebaki na kalenda na vumbi.

Tulikwenda kwa mama Mkongo. Alikuwa mkimbizi kutoka mashariki ya nchi ile, mwanamke mkubwa mwenye sauti tamu, na nyuma ya vibanda vya chakula vya Wandegeya alikuwa na chumba ambamo vitenge, betri, mafuta ya mawese na vyuma vya magari viliishi pamoja kwa amani. Rimu yeye aliziita janti.

"Janti niko nazo za kila namna, baba," alimwambia kaka, akivuta turubai. "Hizi ni za mzungu mumoja wa Bukavu. Alikuwa anakimbizaka gari nazo."

"Na yeye yuko wapi?" niliuliza.

"Bazungu banarudiaka kwao, mwanangu. Sisi ndio tunakujaka kwenu."

Akacheka mwenyewe, nasi tukacheka naye, kisha turubai likafika chini nasi tukainama wote wawili. Kulikuwa na seti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya inchi kumi na nne, imepakwa rangi ya fedha, midomo yake imetoka nje kama tarumbeta. Ya pili ilikuwa ya inchi kumi na tatu, upana inchi sita, haina uzuri wowote, kijivu, imepauka, na sahani yake ilikuwa imesogea nje kiasi kwamba ukiitazama kwa mbele unaona uso bapa tu kama wa sinia. Kaka, yule yule aliyechora kwenye murram, alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya tarumbeta na kuikumbatia.

"Hizi," alisema. "Kumi na nne ni kubwa. Zitashika barabara."

"Kaka, wewe umerogwa?"

"Tutazipaka masizi."

"Utapaka masizi na mdomo wake? Utauingiza wapi?" Nilikuwa nimepandisha mori, na mama Mkongo alijiegemeza ukutani kufurahia. "Halafu gurudumu kubwa ni gia ndefu. Umewahi kuona mtoto anayepandisha mlima kwa baiskeli ya baba yake? Anasimama juu ya pedali, baiskeli haiendi. Tunapanda kilima, hatwendi Jinja kwa lami!"

Kaka aliibembeleza ile rimu kidogo, akapima kwa macho, akaiweka chini. Alijua nasema kweli. Kimo cha gurudumu kingebaki kama cha kiwandani tukichukua zile za kumi na tatu na tairi fupi, gia zingebaki na nguvu zake, na upana ndio ungeongezeka. Lakini aliachana na zile za fedha kama mtu anayeagana na mchumba stesheni. Tukachukua zile za kijivu pamoja na matairi yake, kwa malipo ya angara kutoka stoo ya mama na ahadi ya kaka kumtengenezea mama Mkongo pikapu yake. Njiani tulikuwa tunaimba.

Kazi ya kupima tuliifanya uani, mimi na rula ya chuma niliyoiazima kazini, kaka na ufito ulionyooka. Ukilaza ufito kwenye mgongo wa rimu, kisha ukapima kutoka ufito hadi kwenye sahani, unajua gurudumu litaingia ndani kiasi gani. Tulipima rimu zetu za zamani, tukapima mpya, tukatoa, tukaingia chini ya gari kutazama kuna nafasi gani. Mbele, rimu mpya iligusa shokabu kwa kiasi cha unywele. Nyuma iligusa zile springi za bapa. Kaka alilala chali pale chini akacheka kwa furaha, kwa sababu unywele si ukuta. Tulihitaji bamba la duara, nene kidogo kuliko biskuti, la kuweka kati ya habu na rimu, ili gurudumu lisogee nje kwa kiasi hicho tu na si zaidi. Rafiki yake mmoja alituchongea manne kwa mashine, kutoka kwenye kipande cha alumini, na boliti ndefu zaidi tukazipata kwenye gari bovu la posta lililooza nyuma ya gereji.

Jumamosi tukafunga. Nisikilizeni, nimeona mengi mazuri maishani, lakini sijasahau namna magurudumu yale yalivyoingia. Tairi lilikaa sawasawa na ukingo wa madigadi, halikuzidi, halikupungua, na kutoka mbele hukuona chochote ila gari lile lile la kuhurumiwa. Kaka alizungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Kimya. Hakuna kilichogusa. Nililizunguka gari nikipiga makofi na majirani wakadhani nimeposwa.

Jumatatu asubuhi tukapakia magunia ya mama. Tulikuwa hatujafika hata chini ya mteremko wa Naguru, nikasikia sauti kama ya mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, kisha moshi mwembamba ukaingia kwa dirisha la nyuma.

"Simama!" mama alipiga kelele. "Samaki yangu naungua!"

Haikuwa samaki, ilikuwa tairi. Kaka alisimamisha, tukashuka, na tulipoona kilichotokea nilikaa kando ya barabara nikacheka mpaka mama akanipiga kwa kanga. Tulipima gari likiwa tupu! Huko kwa wenye michezo yao, gari la mashindano halibebi samaki, kwa hiyo wanapima na kufunga na kwenda. Letu lilikuwa la mashindano Jumapili na la soko siku zilizobaki. Magunia yalipolikandamiza chini, ukingo wa ndani wa madigadi ya nyuma uliteremka ukaanza kulila tairi. Na si suala la soko tu. Kaka alisema ukweli mwingine ambao ulinikausha kicheko: kilimani, gari likiruka kwenye tuta na kushuka kwa uzito wake wote, lingeumia vile vile, na tairi lingepasuka tukiwa kwenye mwendo.

"Toa mabamba basi," nilisema.

"Nikiyatoa litagusa springi. Ndani hakuna nafasi, nje hakuna nafasi. Ni ule ukingo. Lazima ulale."

Kuulaza kwa nyundo kungeharibu rangi na kuacha alama mpya, na alama mpya ni swali kwa askari. Kaka alitafakari mchana kutwa. Jioni aliingia chumbani kwa mama, akatoka na rungu la baba mkononi, na mama nyuma yake akimfokea kwa lugha ya kwetu, Kiswahili chote kimemkimbia.

Fikirieni mti mgumu, wa mviringo, uliolainishwa na miaka ya kushikwa. Kaka aliuchomeka kati ya tairi na ukingo wa madigadi. Gari likisukumwa polepole, tairi linauviringisha mti, na mti unaulaza ukingo kwenda juu, kidogo kidogo, bila kuuvunja. Lakini ili ukingo ufike chini kwenye mti, gari lilipaswa kubeba mzigo ule ule uliolifanya likwaruze. Tukarudisha magunia ndani. Hayakutosha. Mama, ambaye alikuwa bado anafoka, alikunja kanga yake, akaingia kiti cha nyuma, akakaa juu ya angara kama malkia.

"Sasa sukuma!" aliamuru. "Na kama navunja rungu ya baba yenu, mimi navunja nyinyi!"

Polisi wawili waliokuwa wametoka zamu wakaja kusaidia, wakiwa na fulana na suruali za sare. Walilitambua rungu.

"Afande alikuwa napiga na hii wezi wa kuku," mmoja alisema kwa heshima kubwa. "Leo napiga gari."

Tukasukuma mbele, tukavuta nyuma. Chuma kililia kri, kri, kri. Mama ndani alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa hasira. Kaka alikuwa amelala ubavuni, mikono yake imelishika rungu, akilisogeza kwa upana wa kidole kila tulipopita, na jasho linamtiririka mpaka masikioni. Tulipomaliza upande wa pili nilipitisha kiganja changu chini ya madigadi. Ukingo ulikuwa umelala laini kama pindo la gauni lililopigwa pasi, na kwa nje rangi haikuwa imepata hata ufa. Nilimrukia kaka shingoni pale pale chini. Rungu halikupata jeraha, ingawa mama alilikagua kama daktari kabla ya kulirudisha ukutani.

Kilichobaki kilikuwa kulaghai macho. Tulipaka rimu rangi nyeusi isiyong'aa, tukapachika juu yake vifuniko vya habu vya zamani vilivyobonyea, tukamalizia na tope la kinamasi. Jumapili tulifika kilimani tukinuka angara kuanzia kwenye viti hadi kwenye nywele. Watu walipotuona walianza kushangilia kwa dhihaka.

"Gari ya samaki! Gari ya samaki imekuja!"

Niliwapungia mkono kama mke wa balozi. Ndani nilikuwa nachemka. Kapteni alikuwa ameshapanda, gari lake jekundu limeegeshwa juu, na muda wake ulikuwa ndio bora kuliko wa wote. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha murram, na magari yaliyotutangulia yalikuwa yakiteleza huku na huku. Kaka alifunga mkanda, akanitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama baba. Bendera ikashuka.

Ee Mungu, lile gari! Kona ya kwanza, ile iliyotugeuza siku ya majaribio, nilipiga kelele "Kulia, ndefu!" na kaka hakupunguza. Nilisubiri mtelezo. Haukuja. Magurudumu yalikaza ardhi chini yetu, nikahisi mwili wangu wote ukisukumwa mlangoni huku gari likienda pale pale lilipoelekezwa. "Kushoto, inazidi kukunja!" Likaingia. "Tuta!" Tukaruka, tukashuka kwa kishindo kilichonigonganisha meno, na nikatega sikio kule nyuma nisikie kukwaruza. Hakuna! Nilicheka kwa sauti, kaka akacheka, na nilisahau kutaja kona iliyofuata naye akaipinda bila mimi. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama binadamu anapewa mara mbili. Tulipita juu ya kilima matope yakiruka juu kuliko paa, na aliyeshika saa aliitazama, akaitikisa, akaitazama tena.

Tulikuwa tumempita kapteni, na si kwa kidogo.

Umati ulisogea mbele kwanza. Halafu ukaona nani anakuja, ukafungua njia. Kapteni alitembea kutoka kwenye gari lake jekundu bila haraka, mtu mrefu mwenye miwani ya jua, na walinzi wake wawili nyuma. Alilizunguka gari letu. Alifungua mlango, harufu ikamkumba, akageuza uso. Alipiga teke tairi la mbele, bonge la tope likaanguka, na chini yake kikaonekana kifuniko kilichobonyea. Aliinama kutazama bampa iliyoshikwa na waya. Kisha akaanza kucheka, na walinzi wakacheka.

"Hii gari iko takataka," alisema. "Takataka kabisa. Mimi hapana weka hata mbuzi ndani."

Moyo wangu uliruka kwa shangwe. Tumeweza! Ameangalia kutoka chini kwenda juu na hakuona kitu. Nilimtazama mama moyoni mwangu, magunia yake, Jumatatu yake, na nilikuwa karibu nicheke na wale walinzi.

Kapteni aliacha kucheka. Alimgeukia kaka, akamtazama mikono.

"Kama gari iko takataka," alisema polepole, kama mtu anayefanya hesabu, "basi ni dereva. Wewe. Kuanzia leo wewe naendesha mimi. Dereva yangu iko mjinga. Leta hiyo mkono yako, toka, panda ile nyekundu."

Palikuwa na njia moja tu ya kumkwepa, nami niliiona, na nilijua kaka ameiona. Angeinama, avue kile kifuniko cha habu, afute tope kwa kiganja, aseme: afande, mimi si dereva wa ajabu, ni hizi rimu. Angemwonyesha upana ulivyojificha, mabamba, ukingo uliolala. Kapteni angelichukua gari na kutuacha turudi kwa miguu. Nilifungua mdomo niseme mimi. Kaka alinitazama na kutikisa kichwa, kidogo sana, kama anavyofanya akiwa chini ya gari na hataki nisogeze taa.

"Ndiyo, afande," alisema.

Alinipa ufunguo. Mkono wake ulikuwa bado wa moto kutokana na usukani. "Msalimie mama," aliniambia. "Ukishuka na mzigo, usikanyage breki kwa ghafla." Kisha akaenda akakaa nyuma ya usukani wa gari jekundu, kapteni akakaa kando yake, na wakateremka kilima wakiwa mbele ya kila mtu. Kona zote alizikata vizuri kabisa. Nilisimama pale nikiwachukia wanajeshi wale kwa chuki ambayo haijapoa hadi leo, nikichukia pia ustadi wetu, na uzuri wa ile kazi tuliyoifanya.

Mama alisikia injini akatoka nje anajifuta mikono. Aliliona gari lote zima. Akachungulia upande wa dereva, akaniona mimi. Sikuhitaji kueleza kwa maneno mengi, maana mjane wa polisi anajua "amechukuliwa na afande" ni nini. Aliingia ndani akafunga mlango wa chumba chake.

Kaka alikuja kututembelea mara chache katika miaka iliyofuata, amevaa nadhifu, amekonda, haongei. Hakuwahi kuomba ufunguo. Vita vilipoufikia mji, wakubwa walikimbia kuelekea kaskazini kwa msafara wa magari, na yeye ndiye aliyekuwa akiendesha moja la mbele. Tangu hapo hatukupata habari yake, si nzuri wala mbaya.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata mashindano, kabla hatujajua yatakayompata kaka, mama alitoka na gunia la kwanza mgongoni, akaliweka nyuma, akarudi kuchukua la pili. Niliendesha mimi. Tulishuka Naguru tumejaa mpaka kwenye dari, na matairi hayakugusa popote.